Kumiliki Pikipiki ya Kijapani Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, ambao wamenunua au wanafikiria kununua pikipiki isiyo ya kampuni ya Kimarekani. Mimi naishi Ohio, na nimemiliki pikipiki mbili, zote Honda: ya kwanza ilikuwa Shadow ya cc 750, na ya pili, ambayo ninayo hadi leo, ni Gold Wing ya mwaka 2005. Maswali ya humu nimeulizwa na ndugu na jamaa waliokulia mahali ambapo karibu kila pikipiki hutoka ng'ambo. Kijiweni Dar es Salaam au Kisumu, bodaboda hubishana kutwa kuhusu Boxer ya India na pikipiki za China, lakini ubishi wao ni wa spea, ulaji wa mafuta na uimara, wala hakuna anayemwambia mwenzake kwamba ameisaliti nchi yake kwa kununua pikipiki. Huku neno hilo husemwa, na mgeni asiyejua chimbuko lake huumia zaidi ya inavyostahili.

Je, ni kweli kwamba wenye Harley-Davidson, pikipiki ya Kimarekani, huwadharau wenye pikipiki za Kijapani?

Wapo wanaodharau, lakini ni wachache kuliko inavyosimuliwa. Kwa uzoefu wangu, dharau hiyo hujitokeza pikipiki zikiwa zimesimama: kwenye maegesho, mbele ya mgahawa, au mahali watu wanapokusanyika siku ya Jumapili wakitazama vyuma vya wenzao. Barabarani hali ni nyingine kabisa. Mara mbili nimeharibikiwa njiani, na mara zote mbili mtu wa kwanza kusimama alikuwa na Harley. Mmoja wao alikaa nami pembeni ya barabara karibu saa nzima, jua likiwaka, hadi gari la kubeba pikipiki lilipofika, na hakuniuliza hata mara moja kwa nini sikununua ya Kimarekani.

Pia umri una nafasi yake. Mzee wa miaka sabini ana kumbukumbu ambazo kijana wa miaka ishirini na mitano hana, na vijana wengi niliokutana nao huuliza kasi na bei kabla ya kuuliza nchi.

Uhasama huu ulianzia wapi?

Hapa inafaa tuende taratibu, kwa sababu bila historia hii vijembe vyote utavichukulia kuwa ni chuki tupu, ilhali ndani yake kuna hofu ya watu waliopoteza kazi.

Harley-Davidson ilianzishwa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mwaka 1903. Mshindani wake mkubwa wa nyumbani, Indian, aliyeanza mwaka 1901 huko Springfield, Massachusetts, alisimamisha uzalishaji mwaka 1953, na tangu hapo Harley ikabaki kampuni pekee kubwa ya pikipiki ya Kimarekani kwa miongo kadhaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa imelitengenezea jeshi pikipiki zipatazo 90,000. Kwa hiyo askari aliyerudi kutoka vitani, hasa yule aliyepigana na Wajapani katika Pasifiki, aliiona Harley kuwa sehemu ya jeshi lake, na pikipiki ya Kijapani kuwa kazi ya mikono ya adui wa jana.

Honda ilifungua ofisi yake Los Angeles mwaka 1959, miaka kumi na minne tu baada ya vita. Ilianza na pikipiki ndogo za cc 50, na matangazo yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliwaonyesha kina mama, wanafunzi na watu wa ofisini, yakieleza kwamba watu wema hukutana juu ya Honda. Wenye pikipiki kubwa hawakujali, kwani kwao ile ilikuwa kama baiskeli yenye injini. Mwaka 1969 hali ikabadilika. Honda ilileta CB750, yenye silinda nne, breki ya diski mbele na swichi ya kuwashia bila kulazimika kukanyaga kiki, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Mwaka huohuo Harley ilinunuliwa na kampuni iitwayo AMF, iliyoongeza idadi ya pikipiki zinazotoka kiwandani huku ubora ukishuka, hata ikawa jambo la kawaida kukuta dimbwi la oili chini ya pikipiki mpya.

Viongozi kumi na watatu wa Harley waliinunua tena kampuni hiyo mwaka 1981, wakati ikielekea kufilisika. Mwaka 1983 Rais Ronald Reagan aliidhinisha nyongeza ya ushuru kwa pikipiki za kutoka nje zenye injini inayozidi cc 700: kutoka asilimia 4.4 ulipanda hadi 49.4 katika mwaka wa kwanza, kisha ukapangwa kushuka kwa awamu katika miaka mitano. Wajapani walijibu kwa kupunguza injini zao hadi chini kidogo ya kiwango hicho, na ndiyo maana hata leo ukitafuta pikipiki kuukuu za miaka ya katikati ya 1980 utakutana na Honda na Yamaha za cc 699 ambazo kwingineko ziliuzwa zikiwa na 750. Harley ilitengemaa, na mwaka 1987 yenyewe ikaomba ushuru huo uondolewe kabla ya muda wake.

Basi kwa mtu aliyeishi Milwaukee au York, Pennsylvania, miji yenye viwanda vya Harley, katika miaka ile, Honda iliyoegeshwa nje ya nyumba ya jirani ilikuwa na maana ya moja kwa moja: jirani amechagua kiwanda kingine, na shemeji yake amepunguzwa kazini. Simlaumu kwa uchungu ule. Ninachokataa ni kumbebesha uchungu huo mtu aliyezaliwa Kigoma na kununua pikipiki yake mwaka jana.

Ni maneno gani nitakayosikia, na lipi si utani?

Mengi ni utani wa kawaida wa watani wa jadi. Utaambiwa kwamba pikipiki yako inalia kama cherehani, kwamba siku moja utakua na kununua pikipiki ya kweli, au kwamba unaendesha kitu cha vipimo vya mita, kwa kuwa boliti zake hufunguliwa kwa spana za milimita badala ya inchi. Haya yapokee kwa tabasamu, kisha urudishe. Mwenye Harley naye huulizwa oili yake imevujia wapi leo, na aliyezoea hachukii.

Liko neno moja la zamani linaloiita pikipiki ya Kijapani mashine ya kuunguza mchele. Wapo wanaolitamka bila kufikiri, na wapo wenye Honda wanaojiita hivyo wenyewe. Mimi silitumii na sicheki nikilisikia, kwa sababu linahama kutoka kwenye chuma hadi kwenye watu na chakula chao. Mwaka 1982, katika eneo la Detroit, kijana wa Kimarekani mwenye asili ya Kichina aitwaye Vincent Chin alipigwa hadi kufa na wanaume wawili wa jamii ya watengeneza magari, katika kipindi ambacho Wajapani walikuwa wakilaumiwa kwa kila ajira iliyopotea. Hakuwa Mjapani, na hata angekuwa Mjapani asingekuwa na kosa lolote. Wauaji wake hawakutumikia kifungo. Sisi tunaojua jinsi neno la dharau linavyoweza kumtangulia mtu mlangoni hatuna sababu ya kulichukulia neno hilo kirahisi.

Je, watanipungia mkono barabarani?

Mara nyingi, ndiyo. Waendeshaji wa Marekani husalimiana kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia uko kwenye mafuta: mkono unashushwa chini pembeni ya paja, vidole viwili vikielekezwa kwenye lami. Salamu hiyo ni ya kutakiana usalama, na haihitaji kujuana.

Imani kwamba mwenye Harley hampungii mwenye Honda imeenea sana, nami niliiamini mwaka wangu wa kwanza, hata nikawa nahesabu. Baadaye niligundua kwamba wengi wasiojibu wako kwenye kona, au wanabadilisha gia na mkono wao uko kwenye klachi, au wako kwenye msongamano. Tena kutoka mbali, Shadow yangu na Harley hazikuwa rahisi kutofautisha, kwa hiyo hata mwenye nia ya kubagua angehitaji macho makali kuliko ya wengi wetu. Anza wewe kusalimu, na asiyejibu mwache aende salama.

Nitajuaje kama pikipiki yangu ni ya kigeni kweli?

Soma namba ya chesisi. Herufi au tarakimu ya kwanza huonyesha nchi ilikounganishwa: J ni Japani, na 1, 4 au 5 ni Marekani. Namba ya Shadow yangu ilianza na JH2. Ya Gold Wing yangu inaanza na 1HF.

Honda ilifungua kiwanda cha pikipiki Marysville, Ohio, mwaka 1979, na kuanzia mwaka 1980 Gold Wing zikawa zinatengenezwa hapo, kwa mikono ya watu wa Ohio, hadi uzalishaji wa pikipiki ulipofungwa mwaka 2009 na kazi hiyo kuhamishiwa Japani. Kutoka Columbus hadi mji huo, ukishika barabara namba 33, ni mwendo usiofika saa moja. Kawasaki nayo ilitangulia kujenga kiwanda Lincoln, Nebraska, katikati ya miaka ya 1970.

Siku moja kwenye kituo cha mafuta katika barabara hiyohiyo, mzee mmoja mwenye kofia ya askari mstaafu alinisogelea na kuniambia, kwa upole tu, kwamba ni pikipiki nzuri ila ni huzuni pesa yake imekwenda Tokyo. Sikubishana naye. Nilimwomba aje upande wa pili, nikamwonyesha kibandiko cheupe kwenye fremu, kimefifia kwa jua lakini kinasomeka. Alivaa miwani, akainama akiwa ameshika goti, akakisoma hadi mwisho kwa sauti ya chini, kisha akapitisha kidole gumba juu ya maandishi kana kwamba anayafuta vumbi. Akasimama na kusema kwamba binti wa dada yake alifanya kazi kwenye kiwanda kile. Tukazungumza mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kupiga honi.

Upande wa pili wa hesabu nao haujanyooka. Kwa miaka mingi Harley imetumia shokapu za mbele za Showa, na kwa muda mrefu ilitumia kabureta za Keihin, zote zikiwa kampuni za Kijapani. Injini ya V-Rod, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliundwa kwa kushirikiana na Porsche ya Ujerumani. Harley ilifungua kiwanda Thailand mwaka 2018, na Harley X440, iliyozinduliwa mwaka 2023, hutengenezwa India na Hero MotoCorp. Sisemi haya ili umwaibishe mtu. Nasema kwa sababu aliyekuuliza swali la uzalendo ana haki ya kupata jibu lenye ukweli wote.

Kwa nini mwenye BMW au Triumph hasumbuliwi namna hii?

Kwa sababu pikipiki za Ulaya hazikuitishia Harley riziki. Hata ushuru wa mwaka 1983 uliweka viwango vilivyoziruhusu za Ulaya kuingia bila nyongeza kwa idadi maalumu. Mwenye BMW husemwa kuwa anajidai, mwenye Ducati husemwa kuwa ana pesa za kuchezea, lakini hakuna anayewaita wasaliti. Nami naamini rangi na sura ya mtengenezaji vimechangia tofauti hiyo, ingawa wengi hawapendi kuambiwa hivyo.

Je, modeli ninayochagua hubadilisha mapokezi?

Sana. Pikipiki inayopata maneno mengi kuliko zote ni ile ya Kijapani iliyoundwa ifanane na Harley: injini ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, tangi lenye umbo la tone, kromu kila mahali, na kiti cha chini. Yamaha ilianza mwaka 1981 na Virago, na wengine wakafuata. Wenye Harley huiona kuwa ni kuigiza, na wanaujali mlio wao kiasi kwamba mwaka 1994 kampuni iliomba mlio wa injini yake usajiliwe kama alama ya biashara, ombi ililoliondoa mwaka 2000. Nilipokuwa na Shadow niliulizwa mara nyingi kwa nini nisinunue ile halisi. Jibu langu lilikuwa la kweli: nilikuwa na dola elfu tatu, na Shadow ilikuwa inauzwa dola elfu mbili na mia nane.

Gold Wing ni jambo jingine. Haijaribu kufanana na yeyote, ina silinda sita zilizolala na gia ya kurudi nyuma, na watu wa safari ndefu wa kila kambi huiheshimu. Sijawahi kusikia kijembe kikali juu yake.

Pikipiki za mbio, kama Suzuki Hayabusa iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, zina ulimwengu wake, na huko hakuna anayetarajia kitu cha Kimarekani. Waendeshaji Weusi wamekuwa na nafasi kubwa katika ulimwengu huo. Ukifika eneo la Myrtle Beach, South Carolina, wakati wa mkusanyiko wao wa kila mwaka mwishoni mwa Mei, utaona safu ndefu za Suzuki, Honda na Kawasaki zilizorefushwa nyuma na kupakwa rangi zinazong'aa, na mwenye Harley akipita katikati anasalimiwa kama mwingine yeyote. Waafrika wengi waliohamia huku hujikuta nyumbani zaidi hapo. Lakini msidhani kwamba Harley ni ya Wazungu peke yao: East Bay Dragons, klabu ya Weusi iliyoanzishwa Oakland mwaka 1959, imejijengea jina juu ya Harley.

Je, nitakubaliwa kwenye klabu?

Inategemea klabu. Zile zinazojiita za asilimia moja, yaani zinazojitangaza kuwa nje ya sheria, ambazo huvaa nembo za eneo mgongoni, kwa vizazi zimedai pikipiki za Kimarekani; huko usipapase, wala usivae kizibao chenye nembo usiyoijua maana yake. Chama cha wenye Harley kilichoanzishwa na kampuni yenyewe mwaka 1983 ni cha wateja wake, na hilo si ubaguzi. Chama cha waendeshaji wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1924 na chenye makao yake hapa Ohio, hupokea kila pikipiki. Patriot Guard Riders, wanaosindikiza mazishi ya askari tangu mwaka 2005, hawaangalii nembo ya tangi hata kidogo, na pale nimesimama nikiwa nimeshika bendera kati ya Harley mbili bila mtu kunitazama mara ya pili.

Vipi kuhusu gereji na maegesho?

Utaona vibao vinavyosema maegesho ni ya Harley tu. Vingi ni mapambo yanayouzwa dukani, lakini kama viko kwenye eneo la mtu binafsi, egesha kwingine. Sturgis, Dakota Kusini, ambako mkusanyiko umefanyika kila Agosti tangu mwaka 1938 isipokuwa katika baadhi ya miaka ya vita, Harley ni nyingi mno, lakini barabara kuu ni ya wote.

Gereji ni suala zito kidogo. Baadhi ya mafundi binafsi hawapokei pikipiki za Kijapani. Gereji moja ilikataa kunibadilishia tairi la nyuma, tairi nililokuwa nimelinunua mwenyewe na kulibeba mkononi, na fundi alizungumza nami akiwa amenipa mgongo. Niliondoka nikiwa na hasira ya siku mbili. Ushauri wangu ni kupiga simu kabla ya kwenda, kutaja modeli na mwaka, na kuuliza wazi kama wanaihudumia. Wapo mafundi wanaokataa kwa sababu za haki kabisa, kwani hawana vifaa vya modeli hiyo au hawajaizoea, na fundi anayekiri hivyo amekuokoa.

Je, ninunue Harley ili nikubalike?

Ukiipenda, inunue. Ni pikipiki yenye raha yake, na mtetemo wa injini ile ukiwa umetulia kwenye taa nyekundu unaingia hadi mifupani. Lakini usiinunue kwa ajili ya macho ya watu. Rafiki yangu mmoja, Mkongo kutoka Bukavu, alichoshwa na maneno akauza Kawasaki Vulcan aliyoilipia yote, akakopa, akanunua Harley Sportster, ambayo ni miongoni mwa modeli ndogo za kampuni hiyo. Jumapili ya kwanza tulipokwenda naye mahali tunapokutana, mtu aliyekuwa akimtania siku zote aliizunguka mara moja, akaisifia rangi, kisha akamuuliza lini atanunua kubwa. Rafiki yangu bado anadaiwa. Kabla ya kutoa pesa, omba kuiendesha hiyo unayoitaka, kisha siku hiyohiyo iendeshe na unayoimiliki, katika barabara ileile, na ukiwa na abiria wako wa kawaida nyuma.